Mama wa Fuwele za Nyongo

Siku za Jumanne na Ijumaa mtaa wetu wa Temeke ulimjua kwa harufu kabla haujamwona. Alikuwa anatoka machinjioni na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na ndani ya ndoo mna vibofu vya nyongo za ng'ombe, vimelaliana, vinateleza kila anapopiga hatua. Alivaa koti jeupe la maabara juu ya gauni, kanga kichwani, na hakuwahi kuharakisha mwendo hata watu walipoziba pua. Watoto walimwita Mama Nyongo. Sisi wakubwa tulimwita Mama wa Maabara, na tukishampa kisogo tulirudi kwenye lile jina la watoto.

Nimeandika mwanzo huu mara sita. Mara ya kwanza nilianza na kuzaliwa kwake, nikagundua sijui. Mara ya pili nilianza na ukoo wake, nikagundua nabuni. Nimeamua kubaki na ndoo, kwa sababu ndoo niliiona kwa macho yangu, na kuhusu mama huyu sina tena ruhusa ya kusema kitu nisichokiona. Kwa nini sina, nitasema. Naogopa kufika hapo, ndiyo maana nazunguka.

Mimi ni mchora mabango. Hakuna aliyenifundisha. Miaka ile biashara zilipoachiwa huru, kila mwenye dirisha lililotazama barabara alifungua duka, saluni au baa, na wote walitaka maandishi. Nilijifunza herufi kwa kunakili maandishi ya makopo ya rangi. Baba yangu, seremala wa Keko aliyetoka Newala, alikuwa na tabia ya kupitisha kidole kwenye ubao aliomaliza kuupiga randa, na kidole kikikwama mahali, anaanza upya ubao mzima. Mimi nimerithi kidole hicho. Nimewahi kufuta bango lote la bucha kwa sababu ya mkia wa herufi moja, mwenye bucha akiwa amesimama nyuma yangu ananiuliza kama nina akili timamu.

Nilikutana na mama huyu nikichora bango la zahanati alikofanya kazi. Zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza, zahanati za watu binafsi, na mwenye zahanati alitaka jina lionekane kutoka mbali. Nilikuwa nafuta herufi ya kwanza kwa mara ya tatu alipotoka nje kumwaga maji.

"We mchoraji, hiyo herufi imekukosea nini?"

"Shikamoo Mama. Imelala kidogo."

"Marahaba. Nani kaiona imelala?"

"Mie."

Akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akaitazama. "Umeona," akauliza, "au umetaka?"

Sikumwelewa. Nilidhani ananitania. Baadaye nilijua kwamba hilo lilikuwa swali lake kwa kila mtu, kuanzia mganga mkuu mpaka muuza nyanya aliyesema nyanya zake zimetoka shambani asubuhi hiyo. Aliliuliza bila ukali, kama mtu anayekuuliza saa ngapi.

Kwenye zahanati swali hilo lilimponza. Kazi yake ilikuwa kutazama damu za watu kwenye hadubini na kuandika kama kuna vimelea vya malaria au hakuna. Siku moja nikiwa juu ya ngazi nje ya dirisha lake, nilimsikia daktari mwenye zahanati akimjia juu.

"Mama, huyu mtoto ana homa siku ya tatu. Umeandika hakuna kitu."

"Sikuona kitu."

"Wenzako hapo ng'ambo ya barabara wanaona vimelea kila siku. Wateja wanataka jibu, Mama. Mtu hatoki nyumbani na homa yake aje kuambiwa hakuna."

"Basi hao wana macho mazuri kuliko mie. Waajiri."

"Sijasema hivyo."

"Mie nimesema. Mpime huyo mtoto masikio, analishika la kushoto tangu aingie."

Lilikuwa sikio kweli. Lakini usidhani daktari alifurahi. Alimtazama kama mtu anavyotazama kiatu kizuri kinachobana.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mwizi mkubwa wa karata. Jumapili alicheza na wanawake wenzake kwenye kibaraza cha nyumba aliyopanga, na nilimwona kwa macho haya akificha karata ya dume chini ya paja, kisha akilitoa huku akimwita Mungu shahidi. Wenzake walijua. Walimtukana, wakacheka, wakamgawia tena. Na mtu huyohuyo aliyetoboa vidole vya watu mia kwa wiki aliogopa sindano. Alipougua aliomba vidonge kama mtoto, na muuguzi alipomfuata na bomba la sindano alijifungia chooni. Hakujua kupika. Ugali wake ulikuwa na madonge, na alisema madonge ni hewa iliyokosa njia ya kutokea, akaanza kueleza, na ugali ukapoa.

Sasa nyongo. Mtaani walisema ni mganga, walisema anaziuza kwa watu wa madini wanaotafuta bahati. Ukweli ulikuwa wa ajabu zaidi, nami niliujua kwa sababu nilikuwa na swali ambalo wengine hawakulifikiria: nilitaka kujua kwa nini vidole vyake vilikuwa vya njano.

"Manjano," alisema. "Ya sokoni. Ya kupikia pilau la wasiojua pilau."

"Unafanyia nini?"

"Nayatafutia nyumba."

Alichukua mkaa akachora sakafuni mwa chumba chake. Alichora nyumba ya Kiswahili, kama ile tuliyokuwa ndani yake: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati. Manjano, alisema, yana kitu ndani ambacho ukikipiga mwanga fulani kinarudisha mwanga wa rangi nyingine. Kinang'aa. Lakini chembe zake zikirundikana zinazimana. "Wapangaji kumi chumba kimoja, wote wanagombana, hakuna anayewasha taa. Na ukiwatupa nje kwenye maji, pia hawawashi. Mpe kila mmoja chumba chake, kikavu, na kila chumba kitakuwa na taa."

"Na nyumba anajenga nani?"

"Inajijenga!" Alipiga makofi. Sijawahi kumwona akifurahi hivyo, hata kwenye karata. "Ndiyo utamu wake. Unayeyusha kitu, unakipoza polepole, chembe zake zinashikana zenyewe kwa mpango, mstari kwa mstari, zinakuwa fuwele, kama punje za chumvi. Vitu vingine vikishikana vinaacha tundu katikati, refu, sawasawa kila mahali. Ukumbi. Kazi yangu ni kuchagua tofali tu."

Tofali la kwanza lilikuwa mbolea ya urea, ya kununua dukani. Ilijenga fuwele nzuri, ndefu kama sindano, lakini zikigusa maji zinayeyuka. "Nyumba ya udongo," alisema, "mvua ya kwanza imelala. Na mwili wa mtu una nini ndani kama si maji?" Kwa hiyo akaja kwenye nyongo. Aliichemsha na kostiki ya kutengenezea sabuni, mchana kutwa, jiko la mkaa uani. Ikipoa aliidondoshea asidi ya betri aliyoipata kwa mafundi magari, na chini kukatuama kitu kama ulimbo. Ulimbo ule aliusafisha, akauyeyusha kwenye spiriti ya moto pamoja na manjano, akauacha upoe ndani ya sanduku lililojazwa vumbi la mbao kutoka kwa baba yangu, ili upoe taratibu kuliko kawaida. Baada ya siku nne au tano anafungua. Fuwele za njano, nyembamba, ambazo maji hayakuzifanya kitu.

Alilisoma jambo hili Ujerumani Mashariki, alikopelekwa kusomea kazi za maabara. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja. "Nchi niliyosomea haipo tena," alikuwa akisema, bila huzuni, kama anayeeleza kwa nini barua haziwezi kufika. Kozi ilifungwa, akarudi na masanduku mawili na mpango kichwani.

Mpango wenyewe ulikuwa mdogo ukiusikia. Alitaka unga wa fuwele ambao siku moja ungeshika kidudu cha kifua kikuu kwenye makohozi na kukiwasha, ili mpimaji aliyechoka, kwenye zahanati ya mbali, asihangaike kukitafuta nusu saa. Lakini kwanza ilibidi ajue kama nyumba zake zinasimama ndani ya mwili ulio hai na kubaki na taa zake. Alimwandikia mwalimu wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa kwenye nchi moja iliyoungana. Mwalimu akajibu: nionyeshe kwamba mwanga unabaki ndani ya kiumbe hai, hauvuji, na nitakutafutia mwaka wako mmoja uliobaki.

Alinisomea barua hiyo mara mbili, akiitafsiri polepole, kidole chini ya kila neno. Mwaka mmoja. Alikuwa na umri wa kustaafu, na alikuwa anautamani mwaka huo kama sisi tulivyotamani jinzi.

Mchinjaji aliyempa nyongo kule machinjioni alikuwa Mnyamwezi, mtani wake, na asubuhi zao nilizipenda. Nilimsindikiza mara kadhaa kubeba ndoo.

"Mzaramo, leo tena? Nyama yote hii unaiacha, unachukua uchungu?"

"We kazi yako kubeba mizigo tangu babu yako. Jaza."

"Ngoma zimewashinda, sasa mmehamia nyongo. Nyie watu wa pwani, njaa itawamaliza!"

"Na hivyo vya pale. Usinibanie, mtani, nitakuja kukuzika mzima."

"Chukua, chukua. Ukipata utajiri usinisahau."

Alivifunga vibofu kwa uzi, shingo moja moja, kwa uangalifu wa fundi cherehani. Wiki moja alipoumwa asije, mtani alimtuma mtu na ndoo nzima, na ujumbe kwamba kama amekufa airudishe ndoo.

Taa niliileta mimi. Nilikuwa nimechora bango la duka la kubadilishia fedha, na ndani nikaona kitaa cha zambarau wanachomulikia dola kuona kama ni bandia. Shati langu jeupe lilipokaribia liliwaka kama limeshika moto baridi. Nilisimama pale kama mjinga. Mwenye duka alikuwa na kingine kilichoungua choki, kile kifaa cha kuiwasha taa. Akanipa badala ya malipo. Fundi redio wa mtaani akakifufua. Nilipompelekea, mama alikishika kwa mikono miwili, akakaa chini kwenye ngazi, na kwa muda hakuniuliza kama nimeona au nimetaka.

Tulifunga dirisha la stoo ya zahanati kwa mablanketi. Daktari aliruhusu baada ya kazi ya asubuhi, kwa sharti harufu isitoke. Joto lilikuwa la kuoka mkate. Alimwaga unga wake kwenye maji safi, akawasha taa: unga uling'aa kijani cha njano, na maji yalibaki meusi. Siku ya pili, vilevile. Siku ya kumi, vilevile. Mwanga ulikuwa umekaa chumbani mwake.

Hapa lazima niseme kuhusu macho yake. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa limechoka kwa miaka ya hadubini. Alifanya kazi yake ya malaria asubuhi tu, mwanga ukiwa mzuri, na alirudia kila slaidi mara tatu. Ndiyo sababu nyingine iliyomfanya asiandike alichokisia. Lakini kwenye giza la stoo, mng'aro ule mdogo ulimtoroka. Alijaribu kamera ya mpiga picha wa mtaani. Filamu ikatoka nyeusi tupu.

"Kwa hiyo utachora wewe," aliniambia.

"Mie ni mtu wa herufi, Mama."

"Una jicho linaloona herufi iliyolala. Sihitaji zaidi ya hapo."

Sijawahi kuaminiwa hivyo. Naomba mkumbuke hilo mnaponihukumu, ingawa mimi mwenyewe nimejaribu kulikumbuka na halijanisaidia.

Kiumbe hai alikichagua kwa akili. Viluwiluwi vya mbu, kutoka kwenye pipa la maji la uani. Miili yao inapenyeka kwa macho, na kazi yao kutwa ni kula chembe zinazoelea. Tulivipa unga asubuhi. Saa nane mchana mgao uliturudishia umeme, tukaingia stoo. Akakitua kiluwiluwi kimoja kwenye tone la maji, akakishikilia kwa nyuzi za pamba, akaweka karatasi ya njano ya pipi kwenye lenzi ya kuchungulia ya hadubini ili kuzuia zambarau. Akasogea, nikainama.

"Niambie."

"Naona mstari unaong'aa. Kijani cha njano. Unatoka karibu na kichwa mpaka mkiani."

Alishusha pumzi. "Umekatika mahali?"

"Hapana."

"Kingo zake?"

Kingo zake. Nyuma ya mwili zilikuwa safi kama zimepigwa rula. Mbele, karibu na kifua, palikuwa na ukungu. Kitu kimetoka nje ya mstari na kuchafua pembeni. Nilidhani ni jasho langu. Nikatoa jicho, nikafuta lenzi kwa shati, nikarudi. Ukungu upo. Nikadhani ni jicho langu. Nikabadilisha jicho. Upo.

"Kingo ziko safi, Mama."

"Umeona au umetaka?"

"Nimeona."

Ndivyo nilivyosema. Nimekaa na neno hilo miaka yote hii nikiligeuza, nikitafuta upande wake ambao si uongo. Nilijiambia ukungu ni uchafu, na kazi ya fundi ni kuondoa uchafu. Nilijiambia kuna mama ambaye amechemsha nyongo miaka miwili. Nilichora mchoro wa kwanza, na mkono wangu, ambao ulikuwa mwaminifu kuliko mimi, uliuweka ukungu pale kifuani. Nikaufuta kwa kifutio. Nikachora wa pili. Wa tatu niliuchora kwa kalamu ya wino, kingo kali mwanzo hadi mwisho, na ulikuwa mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Mpaka leo ndio mzuri kuliko yote. Hilo ndilo linaloniumiza.

Nilitoka kunawa mikono. Niliporudi alikuwa amekaa, mchoro uko pajani, uso umeelekea ukutani.

"Mama, mchoro umependeza?"

"Ni mzuri sana," alisema.

Akatia saini chini yake, akauweka kwenye bahasha pamoja na barua yake.

Wiki sita nilimuuliza kila nilipomwona. "Hawajajibu." Wiki ya kumi, "Hawajajibu." Kisha siku moja, kabla sijauliza, "Hawatajibu, usinisumbue." Ndoo ilianza kukosa Ijumaa, halafu ikakosa na Jumanne. Mtani wake alikuja mwenyewe kuuliza, akaambiwa mama ana kazi nyingi. Mwisho wa mwaka daktari alipata kijana mwenye cheti kipya na macho mazuri, na mama akahamia Ukonga kwa mpwa wake. Aliondoka nikiwa Mbagala nachora baa. Sikumuaga, na ukweli ni kwamba nilijua siku anayoondoka.

Miaka minne. Sikuchora tena kitu kinachopumua. Herufi tu. Nilifika kituo cha Ukonga mara tatu nikageuka. Mara moja nilifika hadi nyumba ya jirani, nikajifanya naulizia fundi saa. Nilijiambia nasubiri nipate maneno kamili. Maneno kamili hayakuja, na mwezi uliopita nikaenda bila maneno.

Alikuwa kibarazani anachambua mchele kwa vidole, hatazami ungo. Jicho la kulia lilikuwa jeupe kabisa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nani?"

"Mchoraji."

Vidole vilisimama. "Kaa. We mwanangu, leta chai, kuna mgeni!" Mpwa wake, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya povu, alikuwa anafua uani; alileta chai, akarudi kwenye beseni lake hapo karibu, masikio yakiwa kwetu.

Sikunywa. Nilisema yote mfululizo, bila kupumua: ukungu, shati, lenzi, jicho la pili, kifutio. Nikasema nilimwambia nimeona na sikuona. Nikasema ni mimi niliyemnyima jibu, kwa sababu labda kule waligundua.

Alisubiri nimalize.

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Siku ileile. Ulipoenda kunawa nilichungulia. Jicho hili la kushoto lilinipa nusu dakika. Niliona kuna ukungu. Nikashika mchoro wako, ukungu haupo." Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Nikatia saini."

Mpwa wake aliacha kufua.

"Walijibu, mchoraji. Walisema mchoro ni mzuri, sasa leta unga kidogo tujaribu wenyewe. Ningewapelekea nini? Siku ya kwanza tu wangeona unavuja. Nikawaambia nyie wote hawajajibu." Alicheka kidogo, bila furaha. "Kutwa nauliza watu umeona au umetaka. Mie nilitaka. Nilitaka kuliko wewe."

Ningependa kusema nilifarijika. Nilikasirika. Miaka minne nilikuwa nimembeba kama kioo, naogopa kumvunja, kumbe alikuwa na ufa wake mwenyewe na ameukalia. Nilisimama. Nadhani nilitaka kuondoka.

"Kaa," alisema. "Huo ukungu. Ulikuwa wapi hasa?"

"Sasa ina maana gani, Mama?"

"Mie niliona upo tu. Wewe ulikuwa na macho. Ulikuwa wapi?"

"Mbele. Kifuani."

"Na nyuma?"

"Nyuma palikuwa safi. Kweli safi, sikufuta kitu nyuma."

"Rangi?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilifumba macho, na ulikuwepo, wazi kuliko mchoro wangu. "Haikuwa ya njano. Ilikuwa inafifia, inaelekea wekundu. Kama kutu. Kama..." Nilitafuta. "Kama doa la mchuzi kwenye shati, ukilipaka sabuni."

"Manjano hayo," mpwa wake alisema kutoka kwenye beseni. "Kila anayefua anajua. Ukipaka sabuni linageuka jekundu, unadhani umeharibu nguo ya watu."

Mama aliweka ungo chini.

"Sabuni ina kostiki," alisema taratibu. "Na zile nyongo niliziyeyusha kwa kitu gani?"

"Kwa kostiki."

"Fuwele zangu, maji hayawezi kuzivunja. Kostiki inaweza." Alinishika mkono, vidole vyake vikavu, vya baridi. "Kijana, kifuani mwa kile kidudu kuna kitu kikali kama magadi. Nyumba zangu hazikuvuja. Zilibomoka pale tu, na zile zilizobahatika kupita zikafika nyuma na taa zake. Ule ukungu ndio uliokuwa habari. Tulikuwa tunatazama ndani ya tumbo la kiumbe hai, linatueleza lilivyo, na sisi..."

Hakumaliza. Mpwa wake alijifuta mikono akaja kukaa karibu naye.

"Au nakosea," mama alisema. "Inawezekana nataka tena. Leta karatasi, tuwaandikie."

Nilikuwa na daftari langu la vipimo vya mabango, na penseli. Alisema chora. Nilichora kiluwiluwi, nikachora mstari, na nilipofika kifuani mkono uligoma. Ukungu hauna ukingo. Sikujua uanzie wapi. Nilisugua penseli kwa kidole gumba mpaka pakawa pachafu. Ulikuwa mchoro mbaya sana. Kichwa kimekuwa kikubwa, mkia umepinda, na nilianza kuchana karatasi ili nirudie.

"Unafanya nini?"

"Nakosea, Mama. Narudia."

"Acha. Andika chini yake: umechorwa kwa kumbukumbu, baada ya miaka minne, bila hadubini. Mchoro wa kwanza tuliowapelekea haukuwa kweli, na wote wawili tulijua. Unga utatengenezwa upya. Andika hivyohivyo."

Niliandika. Maandishi yalipanda juu upande wa kulia, mimi ambaye naishi kwa kunyoosha maandishi.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Tia saini. Wewe kwanza."

Nikatia. Kisha nikamshika kiganja, nikaiweka ncha ya penseli mahali penye nafasi, naye akaandika jina lake polepole, herufi kubwakubwa, juu ya ukungu.